Ndege Hawakutua Upande Wangu

Shika Adabu, Likoni
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanasha,

Salamu nimekupa tangu asubuhi, kila ulipopita mlangoni na mzigo, kwa hiyo hapa sizirudii. Dua nimeiomba na nitaiomba tena kesho alfajiri gari likija kukuchukua wewe na mumeo Hamisi mwende Nakuru. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo mdomo wangu hauyawezi. Nikianza kuyasema nitaingia kwenye mambo ya sweta na chumvi, na wewe utaniambia, "Haya mama, nimesikia."

Ya jikoni sikuandikii. Shangazi yako amekukalisha siku nzima akakueleza ya jikoni na ya chumbani, na mengine niliyasikia kupitia dirishani nikaona haya mimi mwenyewe niliyekuzaa. Baridi ya Nakuru utaizoea au hutaizoea.

Kilichonikalisha hapa na kalamu ni swali lako la wiki iliyopita. Tulikuwa tukichagua mchele barazani, ukaniuliza bila kuinua macho: "Mama, Hamisi ni dereva wa lori. Wiki nzima yuko njiani, mara Malaba, mara Kampala. Mimi nitajuaje mambo yake?" Nami nikakujibu upesi, "Utajua tu. Mwanamke hujua." Ukaendelea kutoa mawe kwenye sinia.

Lile lilikuwa jibu la mtu mvivu. Mwanamke hajui, Mwanasha. Mwanamke hudhani, na akishadhani sana huona kama amejua. Nataka nikueleze nilivyodhani mimi, mwaka ule wa masika makubwa wewe ulipokuwa darasa la pili, wakati baba yako alipoanza kuniaga kwamba anakwenda kuangalia ndege.

Lakini nianzie nyuma kidogo, ili usije ukafikiri nilizaliwa na jicho baya. Babu yako, babangu mzazi, alikuwa na minazi huku kwetu na kipande kingine cha shamba upande wa Msambweni. Kila mwezi alikwenda "kutazama shamba". Mamangu alimfungia chakula cha njiani kwenye kitambaa cheupe, na akirudi alimpokea mzigo, akamtilia maji ya kuoga. Siku babangu alipofariki, nyumba imejaa watu wa matanga, akaingia mwanamke tusiyemjua, naye amevaa kama mfiwa, ameshika watoto wawili mkono huku na huku. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Wale watoto walikuwa na pua ya babangu. Mamangu aliacha kulia palepale. Alikaa mkekani akizitazama zile pua mpaka watu wakaanza kuondoka.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Nikaapa moyoni kwamba mimi sitangoja jeneza liniambie mambo ya mume wangu.

Basi nilipoolewa na baba yako nilikuja na macho yangu wazi. Bakari alikuwa kijana mpole, akiendesha winchi bandarini kwa shifti, hana maneno mengi. Mtu asiye na maneno mengi mimi humwogopa. Akichelewa, nilitaka kujua amevuka na feri gani na alisimama karibu na nani. Nilinusa mashati yake kabla sijayafua. Yeye alidhani napenda kazi.

Sasa mwaka huo, mwanzoni mwa masika, alirudi kazini na kitu kizito kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua juu ya kitanda. Ilikuwa darubini, ile ya macho mawili, nyeusi, na ngozi yake imebambuka.

"Umeipata wapi?" nikamwuliza.

"Nimepewa na baharia."

"Amekupa tu?"

"Nilimpelekea madafu."

"Baharia gani anampa mtu darubini kwa madafu?"

"Baharia mwenye kiu," akasema, akacheka peke yake.

Mimi sikucheka. Niliiweka ile habari mahali pake, pamoja na nyingine nilizokuwa nimeziweka.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Siku ambazo shifti yake ilikuwa ya usiku, badala ya kulala mchana kama watu wa bandari wote, alikuwa akiamka, anaoga, anavaa kaptura, anachukua gunia na kipande cha nailoni, anatoka. Mvua inanyesha! "Nakwenda horini," ananiambia, "maji yamekupwa. Nakwenda kuangalia ndege." Nikajiuliza, mwanamume gani huoga kwanza ndipo aende matopeni? Na mahamri. Alikuwa akichukua mahamri, anayafunga mafungu mawili, kila fungu na karatasi yake. Unakula na nani mafungu mawili, ningemwuliza, kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Jioni alirudi na tope mpaka magotini, na uso umechangamka, akiimba chini kwa chini.

Nikamweleza Mama Saumu, jirani yetu wa ukuta mmoja, yule unayemkumbuka kwa sauti. Alikuwa akipepeta unga. Akasimamisha ungo.

"Ndege?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mejumaa, shoga yangu. Ndege anayeangaliwa na mwanamume mzima kwenye mvua, huyo ana jina, na ana nyumba, na ana mafuta ya kujipaka."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nikaanza kuuliza. Nilimwuliza mwenye duka la kona. Niliwauliza wanawake wanaoshuka Mtongwe kufuata samaki. Nilikuuliza hata wewe, mtoto mdogo, nikikusuka nywele: "Baba akikupeleka dukani husimama akaongea na nani?" Ukanijibu, "Na mtu wa maandazi." Basi nikavaa buibui langu nikaenda kumtazama huyo mtu wa maandazi, nikakuta ni mzee mwenye mvi masikioni. Nikanunua maandazi nikarudi. Niliuliza watu wote walionizunguka, Mwanasha, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa akilala ubavuni mwangu.

Ndipo nikaamua kumfuata.

Nilikuacha kwa Mama Saumu, nikajifunga leso kuukuu, nikamwacha atangulie hadi alipopotea kwenye kona ya minazi. Njia ya kushuka horini, kwenye ule mkono wa bahari, unaijua. Manyunyu yalikuwa yakianguka, yale ambayo huyasikii ila unalowa. Nilipofika chini, maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, na mahali pa maji pamebaki tope tupu, pana, linang'aa kwa mvua, na ng'ambo ya pili korongo za bandari, zile mashine za kuinulia mizigo ya meli, zimesimama kwenye ukungu. Nikaingia kwenye mikoko, nikachutama kati ya mizizi yake.

Nikamwona. Alikuwa ametandika gunia pembeni mwa tope, amelala kifudifudi, amejifunika nailoni, darubini machoni. Hakuna mtu mwingine. Nikangoja. Nilijua atakuja tu, huyo mwenye jina na nyumba. Mbu walinila, mvua ikazidi, ikapungua, na baba yako hakutikisika. Nyumbani sijapata kumwona ametulia vile. Alikuwa akiwatazama wale ndege kwa namna ambayo sikukumbuka kama aliwahi kunitazama mimi, na nakwambia ukweli, kwa muda niliwaonea wivu ndege.

Kisha akainuka, akaliweka fungu moja la mahamri juu ya kisiki cha mkoko, akaenda zake. Nikasema, haya, ndilo hilo. Ni la mwanamke. Atakuja kulichukua. Nikalilinda lile fungu mpaka kunguru walipokuja wakairarua karatasi, wakala mahamri yote, na mimi tumbo linaniuma kwa njaa.

Nilikwenda tena. Nilikwenda kila alipokwenda. Kila mara ni yeye na tope lake, na fungu juu ya kisiki, na kunguru. Nilipoona hakuna kinachotokea ndipo nilipozidi kuamini kwamba kipo. Nilijiambia wanajificha vizuri sana hawa.

Lakini mtu anayevizia, lazima macho yake yatazame kitu. Yangu yalichoka kumtazama Bakari, yakaanza kutazama kule anakotazama yeye. Mwanzo niliona ndege tu, wengi, rangi ya tope lenyewe, kama tope limeota miguu. Kisha nikaanza kuwatenganisha. Yule ndege aitwaye sululu alikuwa mkubwa, anatembea peke yake kama mwenye shamba, na mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Akiona tundu la kaa, anauingiza mdomo wote, anauzungusha, anamtoa kaa, anamtikisa mpaka miguu ikatike. Vitwitwi walikuwa wadogo, makundi kwa makundi, wanakimbia huku miguu haionekani, wanasimama, wanadonoa, wanakimbia tena. Mvua ikishanyesha tope hulainika na wadudu huja juu, na hapo hawainui vichwa. Wanakula kama wanaofukuzwa. Na nikaona kwamba wale vitwitwi waliokuwa wa kijivu nilipoanza kwenda, vifua vyao vinageuka rangi, kidogo kidogo, mpaka vikawa kama kutu ya bati. Niliona na jinsi wanavyolindana. Hata wakishughulika vipi na kula, daima yuko mmoja aliyesimama wima, jicho moja juu. Nikasema, yule ni mimi.

Siku ya mwanamke ikafika.

Maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayokwenda mbali na kurudi kwa nguvu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nimechutama mahali pangu, mara nikaona mtu anatokea upande wa pili wa hori, leso imefungwa juu ya magoti, ndoo mkononi na chuma cha kuchimbia. Anatembea kwenye tope kama mtu anayetembea ukumbini kwake. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu, amejaa, mzuri. Sikufichi, alikuwa mzuri. Akamwendea baba yako moja kwa moja. Baba yako akaketi. Wakasalimiana. Akamsogezea darubini, mwanamke akaitia machoni akiwa ameinama, akasema kitu, wakacheka wote wawili.

Damu yangu ilichemka mpaka masikioni. Pale nilipokuwa sikusikia neno hata moja. Nikaona kuna kichaka kingine cha mikoko mbele, karibu nao, na kati yangu na kile kichaka ni kipande cha tope tu. Nikakatiza hapohapo.

Mwanangu, tope la hori si tope la barabarani. Hatua za mwanzo zilinibeba. Kisha mguu mmoja ukazama mpaka gotini, nikasukuma wa pili ili nijinasue, nao ukazama zaidi. Ndara zilibaki huko chini, na mpaka leo ziko huko. Kila nilipojivuta, lile tope lilinivuta. Nikafika mapajani. Nikasimama kama nguzo, nimeshika mzizi mmoja mwembamba wa mkoko.

Ningeita mara moja tungekuwa tumemaliza. Sikuita. Fikiria jambo hilo. Nilikuwa naweza kuwaona pale, wala si mbali, nami nikajiambia: nikiita, watajua nilikuwa nikiwavizia, na yule mwanamke atanicheka. Kwa hiyo nikanyamaza. Na maji yakaanza kurudi. Hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kwa vijito vidogo, yanateleza juu ya tope, ya rangi ya chai, yakanizunguka miguu, yakapanda. Ndege wakaanza kusogea mbele ya maji. Wakanijia karibu, karibu sana, kisha wakaniona, wakaruka wote kwa pamoja, mamia, wakageuka hewani kama leso inayokung'utwa, upande mweusi, upande mweupe. Maji yalikuwa kiunoni. Nilikuona wewe kwa macho ya moyo, kwa Mama Saumu, umekaa kizingitini unaningoja. Ndipo nikapiga ukelele.

"Baba Mwanasha!"

Alikuja mbio kwa kuzunguka kwenye mizizi, na yule mwanamke nyuma yake. Baba yako akataka kunirukia. Mwanamke akamshika shati. "Utazama na wewe! Leta matawi!" Wakakata matawi ya mikoko, wakayalaza juu ya tope na lile gunia juu yake, na mwanamke akajilaza kifua chini, akanyoosha mikono akanishika kwapani. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama wa dada.

"Lala, shoga," akaniambia. "Usisimame. Lala kama uko kitandani kwako."

"Siwezi."

"Unaweza. Tope hummeza anayeshindana nalo. Lala chali, mguu mmoja uutikise taratibu. Huo. Sasa mwingine."

Nikalala kwenye maji, mvua inanipiga usoni, nimeshikwa na mwanamke niliyekuwa nikimlaani moyoni, huku mume wangu anavuta. Nilitoka kama jino. Yule mwanamke aliitwa Nuru. Alikuwa ameachika, akiishi ng'ambo na mamake, akichimba chambo cha kuwauzia wavuvi. Alinipa leso yake ya juu nijistiri, akachukua ndoo yake akaenda, maana maji yalikuwa yanamfungia njia. Hakunicheka. Mpaka leo namkumbuka kwa hilo.

Tulipanda kilima. Penye minazi nikasema, "Nilikuwa nikitafuta kuni."

"Mejumaa," baba yako akasema, "nilikuona tangu siku ya kwanza."

Nikasimama. "Ulinionaje?"

"Ndege. Hawakutua upande ule wa mikoko. Siku zote hutua pale, ndipo penye kaa wengi. Siku hiyo wakaja, wakageuka. Nikageuza darubini nikaona leso yako."

"Na hukusema?"

"Niliogopa utaacha kuja." Akatembea kidogo. "Nilifurahi. Nilijua umekuja kunichunga, lakini nikasema, akikaa atawaona. Ndiyo maana fungu langu la pili, lile nililokuwa nikila wakati wa kurudi, nikakuwekea wewe."

"Yale mahamri yalikuwa yangu?"

"Ya nani tena?"

"Waliyala kunguru."

Hapo wanawake wengi wangelia na kumshika mkono. Nilitamani kufanya hivyo. Lakini nakuandikia ilivyokuwa, si ilivyopendeza. Moyo wangu ulipiga hesabu nyingine. Nikamwambia, "Basi kama ulijua nakutazama, yote niliyoyaona hayana maana. Niliona mtu anayejua kwamba anatazamwa. Siku nisizokuja, ulikuwa na nani?"

Alinitazama kama nimempiga. "Ulitaka nikuoneshe nini, Mejumaa?"

Tulikaa ndani ya nyumba moja siku nyingi bila maneno, ila "chai hii hapa" na "mtoto amelala". Kila nilipolizungusha lile jambo, lilirudi palepale. Nikimvizia naye akajua, sijaona kitu. Nikimvizia asijue na nisione mtu, nitasema kesho ndipo atakapokuja. Hata nikikaa kwenye mikoko mpaka niote mizizi, sitamaliza kumchunga mtu mmoja. Mamangu hakumchunga babangu hata siku moja, naye akadanganywa. Mimi nilichunga kwa bidii zote, na nilichopata ni kukaribia kukuacha yatima wa mama.

Mchana mmoja, alikuwa ameketi mlangoni anatia uzi kwenye kamba ya darubini. Nikaacha mwiko, nikatoka jikoni, nikasimama mbele yake. Moyo ulikuwa ukinipiga kuliko siku ile ya tope.

"Bakari. Umeoa?"

Akainua kichwa. "Sijaoa."

"Una mwanamke?"

"Sina."

"Utaoa?"

Aliiweka ile kamba chini. "Ya kesho siyajui," akasema. "Dini imeruhusu, na mimi ni mtu kama watu. Leo sina, na sitaki. Siku nikitaka, utasikia kutoka kwangu, si kwa Mama Saumu."

Nilikasirika, wallahi. Nilitaka aape, alie, aseme kamwe. Nikarudi jikoni nikasonga ugali kwa hasira mpaka ukawa jiwe. Lakini usiku ule nililala. Angeniapia kwamba hataoa maisha, ningeanza kesho yake kutafuta uongo ulipo. Jibu lile lilikuwa chungu, na kitu kitamu ndicho mimi hukionja mara mbili.

Sikuambii kwamba nilipona. Nuru nilimchunguza mwaka mzima mpaka aliposafiri kwenda kuolewa Kwale, na hata harusi yake nilituma mtu aihakikishe. Mashati ya baba yako bado nayanusa. Ila tangu siku ile, linaponijia jambo, namwendea mwenyewe kwanza. Mara nyingine hunijibu, mara nyingine huniambia, "Mejumaa, leo sina nguvu za kesi," na mimi hungoja.

Kabla ya masika kwisha alinichukua horini, safari hii ubavuni mwake, kwenye gunia. Akanipa darubini. Vitwitwi walikuwa wamenenepa, vifua vyekundu, hawatulii. Wanainuka, wanazunguka, wanashuka tena. Akaniambia wanajiandaa, kwamba wanakwenda mbali kaskazini, nchi za barafu, huko ndiko wanakozalia, na wakirudi kwetu ni baada ya miezi.

"Nani kakwambia?"

"Yule baharia."

"Na yeye nani kamwambia? Amewafuata?"

Akacheka mpaka wakaruka tena. Safari hiyo hawakushuka. Walipanda juu ya bandari, juu ya korongo, kundi baada ya kundi, wakipiga kelele nyembamba, wakaingia kwenye wingu la mvua. Tulikaa pale mpaka maji yakatufikia miguuni. Tope lilibaki tupu, na mimi nikajikuta nasikitika kwa viumbe ambao mwezi mmoja nyuma sikujua kama wapo.

Sasa nifike kwa Hamisi, maana najua unasoma haraka haraka ukingoja nifike kwake.

Jumatatu nilivuka feri nikaenda Changamwe, kwenye yadi ya malori wanakopakia. Sikukwambia, wala baba yako sikumwambia. Nilikuwa nimekusudia kuongea na mlinzi wa geti, na mama anayewauzia chai, na yeyote mwenye mdomo. Nimefika, mlinzi akaniuliza, "Mama, nikuitie nani?" Nikafungua kinywa, likatoka jina la Hamisi mwenyewe.

Akaja amejaa grisi, akaninyooshea kifundo cha mkono ili asinichafue. "Shikamoo mama. Kuna nini nyumbani?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nimekuja kukuuliza. Una mke mwingine huko njiani?"

Madereva wenzake walikuwa wakisikia. Hakuwatazama. Alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kwa kidole.

"Sina mke, mama. Lakini nina mtoto. Yuko Mtito Andei, kwa bibi yake mzaa mama. Mamake aliolewa kwingine." Kisha akasema, "Mwanasha anajua. Nilimwambia kabla ya posa. Alisema atawaeleza yeye mwenyewe wakati wake ukifika."

Nilirudi Likoni nimesimama kwenye feri njia nzima, na nafasi za kukaa zilikuwapo. Nilikasirika na yeye, kisha na wewe, kisha nikashindwa kujua nimekasirika na nani. Umelijua jambo hilo miezi yote. Umekaa nami barazani, umechagua mchele nami, umeniuliza "nitajuaje" kwa uso mkavu, na wewe tayari umeshauliza na umeshajibiwa. Nilipoyafikiria zaidi ndipo nilipolielewa swali lako. Hukuwa ukiniuliza habari za Hamisi. Ulikuwa ukinipima mimi. Ulitaka kujua, nikiambiwa, nitakuwa mama wa namna gani.

Labda nadhani tu. Unanijua nilivyo.

Sikuambii umwamini Hamisi. Simjui vya kutosha, na wewe humjui vya kutosha, na barabara ya Malaba ni ndefu. Nakwambia tu kwamba nilimwuliza mbele ya watu, akanijibu jambo ambalo lilikuwa rahisi kulificha. Liweke hilo. Likija jingine, mwulize yeye, na ukiogopa jibu, mwulize hivyohivyo huku unaogopa.

Baba yako yuko nje, analifunga sanduku lako kwa kamba na kulifungua na kulifunga upya. Nimemweleza habari ya mtoto sasa hivi, kabla sijaandika ukurasa huu. Akaniuliza kitu ambacho mimi, pamoja na ushushushu wangu wote, sikukumbuka kumwuliza Hamisi. Nikaona aibu. Basi nakuuliza wewe, na hili nataka unijibu kwa mkono wako, mara tu utakapofika.

Mtoto huyo anaitwa nani?

Ni mimi mamako,
Mejumaa